Tunakuja Wote, na Mizigo Yetu

Kijiji cha Kerende,
Nyamongo,
Wilaya ya Tarime,
Mkoa wa Mara.
Jumapili, 4 Julai 1976.

Mpendwa mdogo wangu Simioni,

Marahaba. Shikamoo uliyoitanguliza kwenye barua yako nimeipokea na kuiitikia kwa sauti hapa uani, hata kuku wakashtuka. Habari za Morogoro? Habari za wifi yangu Sabina na miguu yake, uvimbe umepungua? Na bibi harusi wetu Verdiana hajambo? Mwambie shangazi yake humwota karibu kila wiki, na katika ndoto bado ni yule mtoto wa kula udongo.

Sisi huku wazima. Mimi goti la kushoto hunisumbua asubuhi, jua likipanda linatulia. Esta hajambo. Hezekia ameingia darasa la pili, Robi amepona surua, na Tomaso mdogo ameanza kutembea, kwa hiyo hakuna chungu kilicho salama hapa ndani. Nimekutajia wote kwa majina, na nimefanya makusudi. Katika barua yako ya kurasa tatu nimetafuta jina hata moja la watu wa nyumba yangu sikuliona. Uliandika "yule msichana na watoto wake". Hilo tutalifikia. Kwanza nimalize salamu kama tulivyofundishwa.

Mavuno si haba. Mahindi nyani walituwahi, ila ulezi umekubali kweli kweli. Ng'ombe wawili wamezaa, ndama wote majike. Tangu mwaka juzi tulipohamishiwa kwenye hii mistari ya nyumba nimeshazoea kuona moshi wa jirani kabla ya kuona wangu. Nilichoshindwa kuzoea ni jogoo wa Mzee Werema, anayewika saa yoyote anayojisikia.

Sasa barua yako. Umenialika kwenye harusi ya Verdiana, nami nashukuru, ingawa shangazi haalikwi harusi ya binti wa ndugu yake. Huulizwa tu atafika lini. Baada ya mwaliko ukajaza kurasa mbili nzima za kunitisha na safari. Treni inajaa. Mwanza stesheni kuna wezi wa mizigo. Tabora watu hushushwa wahamie behewa jingine, na watoto hupotea pale kama sindano kwenye majani. Nyumba yako ina vyumba viwili. Kwa hiyo nije peke yangu, na kimkoba kimoja. Halafu chini kabisa, karibu na jina lako, kwa herufi ndogo ndogo, ukaandika kwamba yule msichana na watoto wake wabaki kulinda mji, kwa sababu wakwe zako wapya ni wazee wa kanisa, watauliza huyu ni nani, nawe hutajua uanzie wapi.

Simioni, mimi nilimaliza darasa la nne kabla wewe hujaota magego. Herufi ndogo nazisoma. Kurasa mbili za mizigo na vituo ulizitandaza juu ya ule mstari mmoja ili usionekane, na mimi nimeuona.

Kama mji umekusahaulisha, nikukumbushe. Mungu alinipa mabinti wawili, wakaolewa, wakaenda zao. Mtoto wa kiume hakunipa. Marehemu Mniko alipofariki, ndugu zake walikuja kupima uwanja kwa macho, wakijua nyumba isiyo na mwana itafungwa. Nikachukua ng'ombe wa mabinti zangu, nikaenda Morotonga karibu na Mugumu, nikaketi na wazazi wa Esta, tukaelewana, nikamwoa. Nilimwolea mwana niliyenyimwa. Ndiyo nyumba ntobhu, na neno hilo unalijua tangu unachunga ndama. Esta ni mokamona wangu, mke wa mwanangu. Hezekia, Robi na Tomaso ni wajukuu wa Mniko, na moto wa nyumba yake unawaka kwa ajili yao. Ndugu zake siku hizi wakipita hapa huomba maji ya kunywa na kuendelea na safari.

Na kwa kuwa umeanza habari za aibu, nikuulize, Sabina ulimwoa kwa ng'ombe wa nani? Nilipoolewa mimi, ng'ombe wa Mniko waliingia zizini kwa baba yetu, na kabla hawajazoea zizi walitolewa kwenda kwa kina Sabina ili wewe upate mke. Sijawahi kukusimanga, na leo sikusimangi, nakukumbusha tu njia. Ng'ombe walionitoa mimi kwetu walimleta mkeo kwenu. Ng'ombe waliowatoa mabinti zangu kwangu wamemleta Esta kwangu. Ni njia ile ile. Ukiona aibu ya mmoja, umeona aibu ya wote wawili, na Sabina atakuwa na la kukuambia.

Ngoja nikueleze barua yako ilifanya nini hapa nyumbani. Niliisoma, nikaikunja, nikaichomeka darini nikaenda shamba. Kumbe Esta siku hizi anasoma, amemaliza kisomo cha watu wazima na cheti kapewa. Niliporudi chakula kilikuwa tayari, watoto wameoga, kila kitu sawasawa, isipokuwa furushi lake. Wiki hiyo tulikuwa tumeshaanza kupanga vitu vya safari ukutani, kila mtu na furushi lake. La Esta halikuwepo. Nililikuta limerudishwa msumarini kule chumbani, na kitenge kipya nilichomnunulia cha harusi kimekunjwa juu yake.

Nikamwuliza, "Esta, furushi lina nini?"

Akasema, "Mama, mji utalindwa na nani?"

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikuwa anamenya viazi, macho yako kwenye kisu. Miaka kumi tangu nimlete hapa sijamsikia akilalamika hata siku tulipobomolewa nyumba tuhamie kijijini, alibeba mlango kichwani na mimba ya Robi tumboni... hapana, nakosea, ilikuwa mimba ya Tomaso. Basi mwanamke wa namna hiyo, mstari mmoja wa mdogo wangu umemrudisha chumbani. Niliumia, Simioni. Nimezika mume nikiwa nimesimama, lakini siku ile nilikaa chini.

Nikalitoa furushi msumarini mwenyewe, nikaliweka la kwanza kwenye mstari, mbele ya langu. Nikamwambia tunakwenda wote au haendi mtu. Tangu siku hiyo safari hii imekuwa kazi yangu ya mchana kutwa, na kila kitisho ulichoniandikia nimekitafutia dawa. Soma uone.

Cha kwanza, barua ya kijiji. Unajua siku hizi huwezi kupanda gari na familia bila karatasi ya kueleza wewe ni nani na shamba umemwachia nani. Nikaenda kwa Katibu Benedicto, kijana mpole, ana mwandiko mzuri, ila akili yake inaishi ndani ya fomu. Aliandika: "Mjane Nyangi anasafiri na msichana wake wa kazi na watoto watatu wa msichana huyo." Akagonga muhuri.

Niliisoma palepale, nikamrudishia.

"Mama, kuna kosa?"

"Lipo. Andika nyingine."

"Sasa mama, huyu Esta nimwandike nani? Hapa kuna mume, mke, mtoto, na wengineo. Fomu haina nafasi."

Nikamwuliza, mwaka juzi mliponihamisha mkanipa kiwanja na namba, mliniandika nani kwenye daftari? Akalifungua daftari. Akakuta: Nyangi, mkuu wa kaya. Nikamwambia, "Mura, kijana wangu, siku ya kulima shamba la kijiji mimi ni mkuu wa kaya na kaya yangu mnaijua kwa majina, hata akikosa mmoja mnakuja kuuliza. Leo safari imefika, kaya imekwenda wapi?"

Benedicto alikuna kichwa, akatazama mlangoni kama mwenyekiti angeingia kumwokoa. Hakuingia mtu. Akachana ile ya kwanza, akaandika nyingine kwa kuandika pembeni mwa fomu pale pasipokuwa na mistari: Nyangi, mkuu wa kaya, Esta, mke wa nyumba, Hezekia, Robi na Tomaso, watoto wa nyumba. Muhuri umeangukia juu ya jina la Esta, lakini linasomeka. Karatasi hiyo iko ndani ya Agano Jipya langu, na wakwe zako wakiuliza huyu ni nani nitawapa waisome, ina muhuri wa Serikali.

Cha pili, wezi wa Mwanza. Uliniandikia kila mzigo uwe na alama. Hapo nakiri nilifanya kosa, na ucheke sasa hivi huko huko ili tukikutana uwe umemaliza. Nilikuwa bado na hasira. Nikajiambia, alama? Sisi watu wa kufundishwa alama? Marehemu Mniko ng'ombe wake walijulikana hadi ng'ambo ya mto, mikato miwili sikio la kushoto. Nikachukua kisu, nikakata gunia la ulezi kwenye pembe ya kushoto, mikato miwili, kama ndama. Kikapu nacho hivyo hivyo. Sanduku la bati halikatiki, nikalichoma kwa chuma cha moto. Nikasimama nikaitazama mizigo yangu, nikaona hakuna mwizi wa kuthubutu kudai ni ya kwao.

Jumanne iliyopita tukaona tutangulize mizigo mizito Tarime, ili siku ya safari tutoke na wepesi. Tukaipakia kwenye gari la ng'ombe la Mzee Werema hadi barabarani panaposimama lori. Mimi mbele, natembea kwa kujidai. Nyuma yangu nasikia vicheko, nikadhani wananicheka kwa safari yangu, sikugeuka. Kumbe mkato umeachia, katani inafumuka, na ulezi unamwagika taratibu tangu getini kwetu, na kuku wote wa mtaa wa tatu wako nyuma yetu kwa mstari. Mmoja akapaza sauti, "Mama Nyangi, leo unapanda barabara!"

Nikamjibu, "Napanda. Mvua ikinyesha njoo uvune."

Esta ndiye aliyeruka garini, akavua kitenge cha juu akafunga pale palipokatwa. Halafu akarudi nyuma na ungo, yeye na Robi, wakazoa kilichozoleka. Kilichobaki wamekula kuku wa ujamaa. Unajua ulezi ule ni wa nini. Mama yetu alipokelewa na uji wa ulezi wa shamba la shangazi yake, mimi nilipokelewa hivyo, na Verdiana hatapokelewa na uji wa unga wa dukani nikiwa hai. Kwa hiyo gunia linakuja, limepungua kidogo, lakini linakuja. Na kimkoba chako kimoja ulichonishauri, niambie, gunia ningelitia upande gani?

Tarime tulifikia kwa fundi Bushiri, yule mshona nguo wa karibu na soko. Mkewe Mwanne alitupokea kama ndugu, akatupikia wali, watoto wakala hadi wakasinzia vinywa vikiwa wazi. Bushiri alipoona gunia langu lilivyokatwa alivua miwani akaifuta. Mungu ambariki. Akatia uzi kwenye sindano kubwa akashona pembe yote, kisha akashonea alama yangu kwa uzi mwekundu, mikato miwili kama nilivyotaka, sasa ni ya uzi. Amefanya hivyo kwa kila mzigo. Sanduku amelivalisha koti la turubai.

Huyu Bushiri ni mzaliwa wa Tabora, na treni ameipanda tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Alichukua chaki yake ya kukatia nguo akatandika kitambaa cheusi mezani, akatuchorea stesheni ya Mwanza na ya Tabora zote mbili. Hapa mlango wa kuingilia, hapa wanapopima mizigo, hapa pa kukaa kwenye kivuli usipitwe na tangazo. Tabora akatueleza vizuri: safari nyingine behewa la Mwanza linaunganishwa na treni inayotoka Kigoma nanyi hamtikisiki, safari nyingine mnaambiwa mshuke mhamie. Usisubiri kuambiwa, muulize mkata tiketi mapema. Mkihama, mtu wa kwanza aende mikono mitupu akakamate nafasi na kufungua dirisha, mizigo ipite dirishani, mlangoni wapite watu.

Kisha akaniambia, "Mama, kila kituo hesabu mizigo na hesabu watoto."

Nikamwambia hapo hapana. Kwetu mtoto hahesabiwi, wala ng'ombe. Akauliza, sasa utajuaje kama mmoja kapungua? Nikamwuliza yeye, mchungaji anajuaje? Jioni anasimama mlangoni mwa zizi, ng'ombe wanaingia, na asiyeingia jina lake linakuja lenyewe mdomoni. Kwa hiyo mizigo yetu yote ina majina ya ng'ombe. Sanduku ni Dume. Gunia la ulezi ni Mwekundu. Kikapu cha nyama kavu ni Madoa. Kibuyu cha samli ni Ndama, kwa sababu kinabebwa. Ngozi ya kukalia bibi harusi, iliyoviringishwa, ni Mzee. Kila mmoja ana wake wa kuchunga, hata Robi, Madoa ni wake na ukimwuliza usiku wa manane atakwambia yuko wapi. Bushiri alicheka hadi akakohoa, lakini mwishoni alikubali kwamba kwa namna hiyo hata yeye asingepoteza kitu.

Kitisho chako cha tatu, watoto kupotea wakati wa kuhama. Tumefanya mazoezi. Usishangae. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona treni, na mimi sikubali kwenda kufundishwa na treni mbele ya watu. Mlango wa zizi ndio mlango wa behewa, maana nao ni mwembamba. Dirisha ni dirisha la jiko. Dume na Mwekundu tumewaacha Tarime kwa Bushiri, kwa hiyo debe na gunia la pumba wamesimama badala yao. Mzee Werema amejitolea kuwa bwana stesheni, anasimama juu ya kinu na baragumu lake, akipuliza treni imeondoka.

Siku ya kwanza niling'ang'ania nitangulie mimi, mkuu wa kaya. Nikaingia na Ndama mkononi na Tomaso mgongoni, goti likanigoma pale mlangoni, nikaziba njia. Werema akapuliza. Behewani alikuwemo Robi peke yake na ngozi. Nikamwambia Werema airudishe treni. Akasema, "Nyangi, treni hairudi." Nikamwambia hii ya Kerende inarudi. Akairudisha.

Ndipo Esta akasema, kwa sauti yake ile ya chini, kwamba yeye atangulie. Nikamwacha. Alipita mlangoni mikono mitupu, akashika nafasi, akafungua dirisha la jiko akanyoosha mikono. "Lete Dume! Lete Mwekundu! Hezekia, usiinuke mpaka nikuite!" Mimi chini napitisha, watoto wawili wamekaa juu ya kilichobaki, wakaitwa mmoja mmoja, mimi nikapanda wa mwisho nikiwa nimeshaona na macho yangu kwamba hakuna aliyebaki. Werema alipopuliza tulikuwa tumeketi tunajipepea. Sasa tumefanya mara kumi na ushee, na majirani wameanza kuleta vigoda vyao jioni kuja kutazama. Esta amerudisha kicheko chake. Kile kitenge amekishonea lemba.

Habari ya vyumba viwili wala isikusumbue. Tunakuja na ngozi na mikeka, tutalala jikoni, tutalala barazani, sisi watu wa Kerende hatuvunjiki. Samli na nyama tumebeba, hatutakula posho ya harusi.

Sasa andika siku hizi mahali. Tunaondoka Kerende Jumatatu tarehe 2 Agosti, kulala Tarime kwa Bushiri. Jumanne basi la Musoma. Pale Kirumi abiria hushuka kwa ajili ya pantoni, mizigo hubaki juu ya basi. Esta ataipanda pantoni akiwa upande ule anaoiona mizigo, tumeshakubaliana. Jumatano basi la Mwanza, tukishuka tunakodi mkokoteni mmoja hadi stesheni, nami natembea nimeshika gurudumu la nyuma. Alhamisi treni. Ijumaa Tabora. Jumamosi tarehe 7, Mungu akipenda, Morogoro, wiki nzima kabla ya harusi. Treni ikichelewa usiende nyumbani, kaa hapo stesheni ungoje. Sisi tutakuwa tumengoja vituo vyote hivyo.

Kibarua wa kubeba mizigo usimlete. Njoo mwenyewe. Na sasa nisikilize vizuri, maana haya ndiyo yaliyonifanya niandike barua ndefu hivi siku ya Bwana.

Treni ikisimama sitashuka kwanza. Nitakaa dirishani nikuangalie. Atakayetokea mlangoni mbele yetu sote ni Esta, ndiyo kazi yake. Huko mjini mmezoea, mwanamke yeyote akishuka mnampa mkono, mnamtania habari za vumbi, mnamtwika furushi jingine. Msichana wa kazi ndivyo anavyopokelewa, na wala si vibaya kwa msichana wa kazi. Lakini wewe ungekuwa mjomba wa mumewe, yule mwana niliyenyimwa. Huyo ni mkwe wako. Ukimpa mkono, Simioni, nitajua umeikataa nyumba yangu mbele ya watu, nami nitamwita arudi ndani. Sitapiga kelele. Nitafunga dirisha, na Verdiana atakuuliza shangazi yake yuko wapi, umjibu wewe.

Baba yetu hakuwahi kumshika Sabina mkono hata siku moja. Alikuwa akimwona anakuja anarudi nyuma, anainamisha macho, anamsalimia kwa mbali, na sote tulijua kwa kuona hivyo kwamba yule aliyeingia uani ni mke wa mwanawe, si mgeni wala mpita njia. Hakuhitaji kumweleza mtu. Basi nawe, ukimwona Esta mlangoni pa behewa, weka mikono nyuma, rudi hatua mbili, inamisha macho, msalimie. Wakwe zako wakiwepo ndiyo vizuri zaidi, waone. Mizigo nimeifunga, karatasi ninayo, vituo vyote nimevipanga hadi miguuni pako. Zimebaki hizo hatua mbili, mdogo wangu, na hizo siwezi kukupangia wala kukubebea.

Nisalimie Sabina sana, nisalimie Verdiana na huyo mchumba wake nisiyemjua. Mzee Werema anakusalimu, anasema ukija huku atakupulizia treni. Fundi Bushiri na Mwanne nao wanakusalimu bila kukujua. Hezekia, Robi na Tomaso wanamwamkia babu yao wa Morogoro. Esta hakunituma salamu. Anasema atakuamkia mwenyewe, kwa mbali.

Mungu aliyetulinda tangu zizini kwa baba awalinde na ninyi, na awape siku njema ya kumtoa binti.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,

Nyangi,
mkuu wa kaya.